Usimwambie Fundi Ageuze

Magoti yangu yalistaafu kabla yangu. Mimi nina miaka arobaini na saba. Magoti, ukiyauliza, yana sabini na kitu. Daktari mmoja pale Thika alitazama picha za magoti hayo kwa muda, akaniuliza kama nilikuwa mchezaji wa mpira. Nikamwambia hapana, mimi naweka vigae. Akasema, "Ulikuwa unaweka." Hivyo ndivyo nilivyopewa habari ya kustaafu, bila keki wala hotuba.

Basi ninyi mlioanza juzi, mnaopiga magoti kwenye mijengo ya Kimbo na Gitothua, na leza zenu zinazochora mstari mwekundu ukutani, nipeni dakika chache. Sina mpangilio. Nitasema yanavyokuja.

La kwanza, nunueni pedi za magoti. Hilo likiwaingia mnaweza kuacha kusoma hapa.

Wengine bado mpo? Sawa.

Tangu niache kazi sikai nyumbani. Mke wangu anasema nimekuwa kama gari la kampeni, siegeshwi. Asubuhi nachukua kofia, naenda kutazama sakafu zangu. Kuna duka la dawa Thika ambalo sakafu yake niliiweka kigae kwa kigae. Huingia, nikanunua dawa ya kichwa nisiyoihitaji, nikasimama nikitazama chini. Siku moja mwenye duka aliniuliza kama nimeangusha kitu. Nikamjibu, "Miaka kumi na minane." Aliniangalia kama mtu anayehitaji dawa kali zaidi.

Na juzi nilikwenda mtaa wa Membley. Soja wa langoni akafungua kitabu chake, akauliza namtembelea nani. Nikasema nimekuja kuona sakafu. Hakucheka hata kidogo. Aliandika jina langu, Ndung'u, na kwenye nafasi ya mwenyeji akaandika kwa herufi nzuri: Sakafu. Nikaingia.

Hiyo sakafu ya Membley ndiyo ninayotaka kuwasimulia, kwa sababu ya mpwa wangu Nyambura, aliye shule ya sekondari. Mwezi uliopita alikuja kwangu na kazi ya hesabati na uso wa mtu aliyeonewa. Alikuwa ameambiwa athibitishe kwamba pembetatu mbili ni pacha, si kwa kuzipima kila mahali, bali kwa kuihamisha moja mpaka ikalie nyingine. Haikunjwi, haivutwi, haipunguzwi. Inahamishwa tu, nzima nzima. Akaniuliza, "Anko, niambie ukweli, kuna mtu yeyote duniani alishawahi kuhitaji kitu hiki?"

Nilikaa vizuri kwenye kiti. Mama yake akaanza kutafuta njia ya kutoka.

Sasa lazima niwajulishe Mzee Gitau, aliyenifundisha kazi. Mimi nilimaliza kidato cha nne, na alama ya hesabati ambayo mama yangu aliitaja kwa sauti ya chini wageni wakiwapo. Mzee Gitau aliishia darasa la nne, na katika mjengo alikuwa anajua nilichosoma na nisichosoma. Zamani zake hakukuwa na hii gundi ya mfuko mnayokoroga na maji mkaendelea. Tulilowesha vigae ndani ya pipa tangu jana yake, tukavitoa vikivuja, tukaviweka juu ya simiti na mchanga. Kigae kikavu kinainyonya simiti maji yake yote, na baada ya mwezi kinaachia. Mzee alikuwa akikigonga kwa mpini wa mwiko, sikio chini, kama daktari anayesikiliza kifua. Kikilia kama debe, kinatoka. Hata leo na gundi zenu, gongeni. Sauti ya utupu haijabadilika.

Sifa kubwa aliyowahi kunipa ilikuwa "haijaharibika." Nilikaa siku tatu nikiifurahia.

Leza nazo sizichukii. Ila nilimwona kijana mmoja Ruiru ameweka ya kwake juu ya mfuko wa simiti uliofunguliwa, na kila msaidizi alipochota, mfuko ulishuka kidogo, na mstari ukashuka nao. Ukuta wa bafu ile unateremka kama barabara ya kwenda mtoni. Mwenye nyumba anadhani ni mtindo.

Narudi Membley. Wakati huo nilikuwa msaidizi wa Mzee Gitau kwa miaka minne, na nilikuwa nimechoka kuitwa "kamwana," kijana mdogo, mbele ya wateja. Siku moja aliitwa Murang'a kwa mazishi ya shemeji yake. Kazi iliyokuwepo ilikuwa kibaraza cha mbele cha nyumba ya Mwalimu Wairimu. Kabla hajaondoka aliniambia hivi: kibaraza hicho kikitoka sawa, kazi inayofuata nitaisimamia mimi. Kikiharibika, nitabaki msaidizi mpaka yeye aone vingine, na macho yake yalikuwa yanaanza kupoteza nguvu. Nilielewa.

Mwalimu Wairimu alikuwa amefundisha hesabati maisha yake yote. Jumamosi ya wiki hiyo wakwe watarajiwa wa binti yake walikuwa wanakuja kwa ruracio, sherehe ya mahari, na alitaka wakanyage nyota mlangoni kabla ya kukanyaga kitu kingine. Nyota aliichora mwenyewe: pembe nane, kila pembe imegawanywa katikati kwa urefu, nusu ya kulia nyeusi, nusu ya kushoto rangi ya maziwa, ili ionekane kama imeinuka na kutupa kivuli. Aliandika vipimo vyote kwa kalamu nyembamba. Kutoka kitovu hadi ncha, sentimita hamsini na nane. Kutoka kitovu hadi bondeni kati ya ncha mbili, sentimita thelathini. Pembe iliyo kati ya mistari hiyo miwili, digrii ishirini na mbili na nusu. Nilipomwuliza upande wa tatu una urefu gani, alinitazama kwa huruma. "Huo hauna hiari, kijana. Ukishakata pande mbili na pembe iliyo kati yake, wa tatu umeshaamuliwa."

Kwa hiyo pembetatu kumi na sita, nane nyeusi na nane za maziwa. Nyeusi tulikuwa na boksi nzima. Vya rangi ya maziwa vilikuwa viwili tu, vilivyobaki kutoka sebuleni alipojenga, na kiwanda kilikuwa kimeshaacha kuvitengeneza. Nilipiga hesabu: kila kigae kinatoa pembetatu nne. Nane kamili. Hakuna ya kuvunja.

Nilikata kielelezo cha kadibodi kutoka kwenye boksi, nikaandika JUU upande mmoja, nikaanza. Nyeusi nane zikatoka safi. Kabla ya kugusa zile za maziwa nikampigia Mzee Gitau, nisije nikakosea. Alikuwa makaburini, mtandao unakuja na kuondoka, na nyuma yake nilisikia kwaya. Nikamwuliza nizikateje. Akasema kwa kunong'ona, "Ni ile ile kadibodi. Za maziwa, geuza." Kisha kwaya ikamfunika.

Vijana, liangalieni neno hilo vizuri. Geuza. Gari linageuza likarudi lilikotoka. Chapati inageuzwa upande wa pili uive. Ni neno moja, na ni vitu viwili ambavyo havihusiani kabisa. Ukikimbilia Kikuyu hupati msaada. *Garura* ni gari na chapati vile vile. Mzee alimaanisha chapati. Mimi nikasikia gari.

Nikaizungusha kadibodi nusu mzunguko. Neno JUU likawa kichwa chini, nami nikaona hapo ndipo imegeuka, hata maandishi yanasema. Tena ilipendeza: pembetatu moja inaangalia huku, jirani yake inaangalia kule, zinalala pamoja kwenye kigae bila kupoteza nafasi. Nilikata nane zote nikiimba.

Siku iliyofuata, Alhamisi asubuhi, nikazipanga sakafuni bila gundi. Hilo fanyeni siku zote, pangeni kavu kwanza. Ndilo jambo la pekee la akili nililofanya wiki hiyo. Nyeusi nane zikakaa na nafasi kati yake. Nikachukua ya kwanza ya maziwa, nikaingiza. Kona iliingia kwenye kitovu sawasawa. Lakini upande ulikuwa mrefu pale ulipotakiwa kuwa mfupi, na mfupi pale ulipotakiwa kuwa mrefu. Nikaizungusha. Nikajaribu kona ya pili, nikajaribu ya tatu. Nilizunguka nayo kibaraza kizima kama mtu anayetafuta mtandao kwa simu.

Nikasema labda tatizo ni hiyo moja. Nikapanga zote nane, kila moja kona yake kwenye kitovu. Zikafunga mzunguko bila mwanya hata wa wembe, na kwa dakika moja nilifurahi. Kisha nikasimama, nikarudi nyuma hadi kwenye maua, nikatazama. Haikuwa nyota. Ilikuwa ni diski. Meno kumi na sita, yote yameelekea upande mmoja, meusi na meupe, tayari kukata ubao. Wakwe wangetoka Kiambu na mbuzi wao wakakaribishwa na msumeno.

Basi nikafanya kile ambacho kilinionyesha nilichofanya. Nilichukua pembetatu moja ya maziwa nikaipindua, uso chini, mgongo juu. Ikaingia. Iliingia kwa upole wote, ncha kwa ncha, bonde kwa bonde, pacha kamili wa ile nafasi. Na juu yake ilikuwa ya kijivu, na mifereji ya kushikia gundi, na jina la kiwanda.

Hapo ndipo nilipomwambia Nyambura aandike. Kuna njia tatu za kuhamisha kitu bila kukiharibu. Unaweza kukisogeza. Unaweza kukizungusha. Unaweza kukipindua. Kwenye daftari lako zote tatu ni halali, kwa sababu karatasi haina mgongo. Kigae kinao. Mwalimu wako atasema pembetatu hizo ni pacha, na ni kweli, lakini ni pacha kama kiatu cha kulia na cha kushoto. Jaribu kwenda kanisani na viwili vya kulia.

Nikapiga simu Thika, kwa Mzee Harjit, ambaye duka lake la vigae lina kila kitu na ambaye huzungumza Kikuyu kunishinda. Nikamweleza rangi. Akaniambia kigae hicho hajakiona tangu mwanawe anyoe ndevu kwa mara ya kwanza. Kisha akaniuliza ninalia au ni mtandao. Nikamwambia ni mtandao.

Nilikaa kwenye ngazi. Ningeweza kumpigia Mzee Gitau, lakini nilijua angesema nini: acha, usiguse, nakuja. Na maneno hayo matatu yangenirudisha kwenye kubeba mchanga kwa miaka mingine minne. Nikaitazama diski yangu. Zile za maziwa siwezi kuzipindua, nikajisemea. Nina boksi ya nyeusi.

Mlishaona? Mimi ilinichukua chai mbili.

Kama upande mmoja umegoma kupinduka, pindua mwingine. Nikaishika kadibodi, nikaipindua kama chapati, JUU ikaenda chini, nikakata nyeusi nane mpya. Nikazipanga na zile za maziwa. Nyota ikafunga. Nyota hasa, pembe nane, yenye kivuli chake. Nikaweka gundi ya mfuko, iliyokuwa ndiyo kwanza imeingia mijengoni, Alhamisi hiyo hiyo nisije nikapoteza moyo, na Ijumaa asubuhi nikatia grauti ya kuziba mianya. Nilikuwa nafuta vumbi Mwalimu alipotoka na mchoro wake mkononi.

Hakuangalia hata sekunde tano.

"Kivuli kiko upande wa kushoto," alisema.

Nilijua ataliona. Nilikuwa nimeandaa uongo mzuri kuhusu jua la asubuhi. Lakini mtu aliyesahihisha madaftari miaka yote hiyo humdanganyi kwa jua. Nikamwambia yote: simu, kwaya, gari na chapati. Nikamwambia nyota hii ni yake, ni ile ile, imepinduliwa tu.

Akakunja mikono. "Maneno ni rahisi. Nithibitishie."

Nilipiga magoti pale pale na kadibodi. Nikaweka pembetatu yake ya mchoro, ile kadibodi ikiwa na JUU juu, kando ya kigae cheusi kilichokwisha kushika sakafuni. Nikasema kwanza naisogeza mpaka kona ya kitovu ikalie kona ya kitovu. Akasema endelea. Nikasema sasa naizungusha kwenye kona hiyo mpaka upande mrefu ulale juu ya upande mrefu.

"Na ncha zitakutana kwa sababu gani?"

"Kwa sababu zote mbili ni sentimita hamsini na nane, Mwalimu. Hazina pengine pa kufikia."

"Endelea."

Nikasema sasa kona ya tatu imeangukia upande wa pili wa mstari, kwa hiyo naipindua juu ya ule upande mrefu, kama ukurasa wa kitabu. Pembe ya kitovu ni ile ile, ishirini na mbili na nusu, kwa hiyo upande mfupi lazima ulale juu ya upande mfupi. Na kwa kuwa wote ni thelathini, kona ya tatu lazima iangukie kona ya tatu. Nikaiachia kadibodi. Ilifunika kigae hadi ukingoni. Jasho lilikuwa linanidondokea puani.

Akauliza, "Upande wa tatu hukuutaja."

"Huo hauna hiari."

Aliondoka akaingia ndani. Nilikaa chini nikijua nimeshindwa. Kwa kweli nilikuwa nimeanza kukusanya vyombo. Akarudi na kalamu nyekundu, akauinua mchoro wake akauelekeza kwenye jua, akautazama kwa nyuma. Alitazama karatasi, akatazama sakafu, mara tatu. Kisha akauweka ukutani, akachora alama kubwa ya vema pembeni.

Mzee Gitau alifika saa nane mchana, suti ile ile ya mazishi bado mwilini kwa siku ya tatu, vumbi la Murang'a viatuni. Hakunisalimu. Alizunguka nyota taratibu. Alichuchumaa akagonga kigae kwa kigae kwa kifundo cha kidole, sikio chini, na mimi nilikuwa nasikia moyo wangu kuliko vigae. Kisha akaangalia mchoro, akaangalia chini, akaangalia mchoro tena, na nikaona amegundua. Akamgeukia mwenye nyumba. Akamwuliza kama hivyo ndivyo alivyoichora.

"Ndivyo," alisema Mwalimu Wairimu. "Ila yeye ameitazama kutoka chini ya sakafu."

Mzee alilifikiria hilo kwa muda mrefu. Nadhani hata leo, huko aliko Kandara na ng'ombe wake wawili, bado analifikiria.

Wakwe walikuja, wakala, wakakubaliana. Nimeambiwa shangazi mmoja wa bwana harusi alilisifu zulia zuri la mlangoni, akalizunguka asilikanyage.

Kuanzia wiki hiyo kwenye mijengo yetu neno "geuza" lilikatazwa. Mnaweza kuuliza mtu yeyote aliyefanya kazi na sisi. Tulisema sogeza, zungusha, pindua, na kadibodi zetu ziliandikwa pande zote mbili, upande mmoja USO, upande wa pili MGONGO. Msaidizi akisema "geuza" alinunua chai. Fanyeni hivyo hivyo. Na mkiagizwa kitu kwa simu, mwambieni anayeagiza arudie kwa maneno mengine, hata kama yuko makaburini, hata kama kwaya imepamba moto. Marehemu hana haraka.

Nyambura aliandika uthibitisho wake kwa mistari sita na akapata alama zote. Mwalimu wake aliandika pembeni: mfano wa chapati ni wa nini?

Jumatatu baada ya ruracio ile tulianza kazi Kimbo, duka jipya la chumba kimoja kikubwa. Nilifika nikamkuta Mzee Gitau ameshavaa ovaroli, ameshafagia, amesimama katikati ya chumba amefumbata mikono. Akaniuliza tunaanzia wapi. Katika miaka minne hakuwahi kuniuliza hata saa. Kichwa kilivimba, nikasema kwa sauti nzito tuanzie mlangoni. Alinitazama kidogo. Halafu akachukua ndoo, akaenda mlangoni, akaanza kuweka, mstari baada ya mstari, akirudi nyuma kuelekea ukuta wa mwisho, na mimi kando yake. Saa kumi jioni sakafu ilikuwa imekamilika, nzuri, yenye gundi mbichi, ila ukanda mwembamba tuliosimama chini ya dirisha, na mlango ulikuwa upande ule mwingine. Kwa bahati grili za dirisha zilikuwa hazijafungwa. Alinisaidia kwanza kupanda dirishani, kisha akanipa mkono nimvute.